Kupumua kwa Bomba la Pili

Tangu asubuhi mashine ya kukausha hewa ilikuwa inakoroma bila kupumzika, na fundi alijua maana yake. Kazi ya mashine ile ni kusukuma hewa kavu ndani ya mabomba mawili ya shaba yanayopanda mnarani, halafu inyamaze. Ikikoroma mfululizo, ujue kuna bomba linavuja. Na bomba linalovuja, mvua ikinyesha, hunywa maji.

Watu waliokaa sebuleni wakitazama mpira hawana habari na mabomba. Wanadhani picha inatoka studio na kuruka yenyewe hewani kama kunguru. Laiti ingekuwa hivyo, fundi angekuwa analala usingizi wa maana. Mtambo uko chini, ndani ya chumba chenye baridi na kelele za feni. Antena iko juu, mita mia moja na arobaini kutoka ardhini. Kati ya hivyo viwili nguvu ya mtambo lazima ipite mahali, na inapita ndani ya bomba la shaba nene kama mkono wa mtu, lenye bomba jingine jembamba katikati yake. Baina ya bomba na bomba hakuna kitu ila hewa kavu. Maji yakiingia hapo, nguvu inapata njia ya mkato, cheche inaruka, shaba inaungua.

Kituo chao kilikuwa na mabomba mawili kama hayo. Bomba la kwanza lililisha nusu ya juu ya antena, la pili nusu ya chini. Uzuri wake ni kwamba moja likiugua unalizima, na mwenzake anabeba matangazo kwa nusu ya nguvu wakati mgonjwa anatibiwa. Watazamaji wa mbali huona picha ikikatikakatika, hutukana kidogo, lakini hawakosi kila kitu. Na siku ile ilikuwa fainali. Hakuna aliyetaka wakose kitu.

"Nusu ya nguvu, sawa," alisema Mkuu wa kituo, simu mbili mkononi na ya tatu mfukoni. "Lakini kuzima kabisa, hilo neno sitaki hata kulisikia. Hasa kutoka kwako."

Fundi alijua kwa nini. Mwezi uliopita aliona mshale wa mita ukiruka katikati ya taarifa ya habari, akazima mtambo kwa dakika mbili. Ikaonekana hakukuwa na lolote, mita yenyewe ilikuwa na waya uliolegea. Siku ya pili alipewa barua ya onyo, na ndani yake kulikuwa na sentensi moja aliyoijua kwa moyo: akirudia kuzima bila idhini ya Mkuu, atafute kazi nyingine. Kazi nyingine ya namna hiyo haikuwepo. Mnara ulikuwa mmoja tu.

Aliyekuwa anajiandaa kupanda ni mdogo wake, wa tumbo moja. Walimwita Mjusi tangu utotoni kwa sababu hakuna ukuta aliouona akaacha kuuparamia. Sasa alikuwa mwanamume mzima mwenye ndevu, na jina lilikuwa halijambanduka. Alikaa kwenye kizingiti cha chumba cha mtambo akikaza mikanda ya usalama, spana zikimning'inia kiunoni, anapiga mluzi. Alikuwa anakwenda kufungua maungio ya juu kabisa ya bomba la kwanza, pale chini ya antena, abadilishe ringi ya mpira iliyozeeka, ashuke. Saa moja na nusu, basi.

Fundi alizima bomba la kwanza kwenye paneli, akachomoa ufunguo wake, akamkabidhi. Ndivyo walivyofanya siku zote: anayepanda anabeba ufunguo mfukoni, na hakuna mtu chini anayeweza kuwasha bomba lile mpaka mwenyewe arudi nao.

"Mfuko wenye zipu," fundi alisema.

"Dada, nimeanza kupanda jana?"

"Mfuko wenye zipu. Na ukifika, upumue."

Mjusi akacheka. Alijua hadithi itafika hapo. Kupumua ilikuwa desturi ya baba yao, aliyepanda mnara huohuo miaka thelathini na kustaafu na vidole vinane. Viwili aliviacha juu, siku alipofungua bomba aliloambiwa limezimwa, kumbe lilikuwa na nguvu. Tangu siku hiyo hakufungua kitu bila kukipumulisha kwanza. Chini, koki za hewa za mabomba yote mawili zinafungwa. Juu, mpandaji analegeza skrubu ndogo ya bomba analotaka kulifungua, anahesabu mpaka kumi hewa ikitoka, anaikaza tena. Aliye chini anatazama geji mbili za kupimia hewa. Sindano ya bomba lipi imeshuka ghafla? Kama ni ya bomba lililozimwa, mambo safi. Kama ni ya jingine, kuna mtu anakaribia kufa.

"Karatasi ya kazi ina vipengele kumi na vinne," Mjusi alisema. "Nimevisoma vyote. Kupumua hakumo."

"Walioandika karatasi wana vidole kumi."

"Haya, tuseme nimepumua. Utanijibuje? Mzee alikuwa anapanda kila kitu kimezimwa, mnasikilizana kama mko sebuleni. Mimi nusu ya antena inawaka juu ya kichwa changu. Redio ya mkononi kule inatoa kelele tu, shhhh, mpaka nishuke."

Hapo alikuwa na haki. Lakini fundi alikuwa dada mkubwa, na dada mkubwa hakosi la kusema.

"Nitaona njia."

"Sawa. Nitapumua, kisha nitahesabu mpaka mia. Nikifika mia sijapata habari, najua umebariki." Akasimama, akampiga begani. "Ila usije ukarusha mawe."

Akaenda zake huku anapiga mluzi, hana hili wala lile.

Mpira ulikuwa umeanza saa tisa, na Mjusi alianza kupanda wakati wa mapumziko. Mkuu aliburuta kiti mpaka mbele ya skrini ndogo ya kukagua matangazo, akakaa ukingoni mwa kiti kama anayesubiri kuitwa na daktari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa simu, na simu zilikuwa zinamtesa.

Fundi alikaa mbele ya geji. Koki zote mbili alikuwa amezifunga mwenyewe, mashine ya hewa imenyamaza hatimaye, na ule ukimya wake ulikuwa haumpendezi hata kidogo. Sindano ya bomba la kwanza ilikuwa inateremka polepole, kama ilivyotarajiwa, kwa sababu linavuja. Ya pili ilikuwa imesimama wima. Alizitazama zote mbili mpaka macho yakaanza kumwasha.

Redio ikakwaruza. "Dada, nimefika jukwaa la mwisho. Mawingu yanakuja upande wa pili. Naingia kwenye kelele."

"Mabomba unayaonaje?"

"Yapo yote mawili, hayajatoroka. Lenye mstari mmoja na lenye mistari miwili. Nakwenda kwenye mstari mmoja." Kisha ikabaki shhhh.

Ile mistari ndiyo iliyomkosesha raha, ingawa mwanzoni hakujua kwa nini. Baba yao ndiye aliyeichora kwa mkono wake, mstari mmoja mweusi kwenye bomba la kwanza na miwili kwenye la pili, kila baada ya mita ishirini kutoka chini mpaka juu. Mwaka jana walikuja wapaka rangi kuupaka mnara mzima upya, nyekundu na nyeupe, wakaifunika. Kisha wakaichora tena. Fundi alisimama chini, akakagua mistari ya mabomba yote mawili pale kwenye mlango wa kuingilia, akatazama juu mpaka shingo ikamuuma, akaona kila kitu kimenyooka. Kiongozi wa wapaka rangi akamletea fomu. Juu yake paliandikwa kwamba alama zimethibitishwa kutoka chini hadi juu. Akatia sahihi. Mvua ilikuwa inaanza siku ile, na yeye alikuwa na haraka.

Nje jua lilizama ndani ya wingu na chumba kikaingia giza kidogo.

Sindano ya bomba la pili ikasogea.

Fundi aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Haikuwa ndoto. Ilikuwa inashuka, unywele mmoja, nywele mbili, upana wa ukucha. Kisha ikasimama tena kimya, kana kwamba haijawahi kusogea.

"Mkuu, bomba la pili limeshuka."

Mkuu alikuja shingo upande, jicho moja likiwa bado kwenye mpira. "Limeshuka wapi? Mbona limetulia?"

"Limeshuka kisha likatulia. Amepumua. Yuko kwenye bomba lenye nguvu!"

"Ni wingu," Mkuu alisema. "Si wewe mwenyewe ulinifundisha? Jua likiingia mawinguni bomba linapoa, hewa inasinyaa, sindano inashuka. Ulinichorea mpaka picha."

Ilikuwa kweli. Alimfundisha mwenyewe, na alijisifu siku ile. Wingu lilikuwa limeingia dakika ileile. Fundi alitazama sindano ya kwanza ili alinganishe, lakini ile ilikuwa inashuka tangu mwanzo, haina ushahidi wa kumpa.

Ishirini. Alijikuta anahesabu. Ishirini na moja, ishirini na mbili.

"Na kama si wingu?"

"Ana ufunguo mfukoni. Bomba limezimwa. Mmeweka alama mnarani. Unataka nini tena?" Simu ikalia, Mkuu akaipokea. "Ndiyo mzee, picha ipo. Ndiyo, tunajua huko kwenu inakatikakatika. Ndiyo, mzee."

Thelathini na tano. Ufunguo ule ulikuwa wa paneli ya chini. Ulimlinda na bomba la kwanza. Kama mkono wake uko kwenye la pili, basi amebeba ufunguo wa mlango ambao si wake. Lakini atafikaje kwenye la pili? Mabomba yalipanda sambamba, la kwanza kushoto, la pili kulia, chini mpaka juu. Nani angeyahamisha?

Arobaini na nane. Ndipo sauti ya baba yao ikamjia, si ya mawaidha, ni ya kicheko tu, siku moja zamani anavua viatu mlangoni huku akimweleza mama yao. Kibano cha kushikilia mabomba kilikuwa kimevunjika pale katikati, nyuma ya ngazi, na bomba jipya likakataa kukaa upande wake. Basi nikayapishanisha, alisema. La kushoto likaenda kulia, la kulia likaja kushoto, huko nyuma ya ngazi hakuna anayeyaona, yamekumbatiana kama maharusi. Mama akacheka. Fundi alikuwa msichana mdogo anafanya hesabu za shule sakafuni, akayasikia na kuyasahau palepale.

Mistari ya mzee ilikuwa imefuata mabomba, kwa sababu aliyepishanisha ndiye aliyechora. Wapaka rangi hawakufuata mabomba. Walifuata upande. Kushoto mstari mmoja, kulia miwili, mpaka juu. Na yeye akatia sahihi.

Sitini na mbili, au labda sabini, hesabu ilikuwa imemponyoka. Mjusi siku zote alihesabu haraka. Utotoni, wakicheza kujificha, alikuwa anaruka kutoka arobaini mpaka sabini na kuapa hakuruka.

"Mkuu, nazima."

"Usithubutu!" Mkuu alifunika simu kwa kiganja. "Zimebaki dakika nane, na ni penalti! Sikia, nitume mlinzi apige filimbi, apunge kitambaa, afanye lolote..."

"Hatamsikia wala kumwona."

"Una barua, mama. Mara hii siwezi kukutetea."

Alisema mama kwa upole, akimsihi kweli, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Fundi aliogopa. Aliogopa kazi yake, aliogopa kuchekwa kwa mara ya pili, aliogopa kwamba ni wingu tu na kesho atakuwa yule mwanamke anayezima nchi kila sindano ikikohoa. Kitufe chekundu alikigonga pembeni mara ya kwanza. Mara ya pili akakibonyeza kwa kiganja chote.

Feni zikapunguza mwendo, zikanyamaza moja baada ya nyingine. Skrini ya Mkuu ikawa nyeusi mpigaji akiwa katikati ya hatua zake. Na kwenye redio ya mkononi, ile kelele iliyokuwa imejaza chumba ikakatika kama koki imefungwa.

"Mjusi! Usiguse! Usiguse kitu!"

Kimya.

"Mjusi! Unanisikia? Mjusi!"

Fundi alibana kitufe cha redio mpaka kucha ikawa nyeupe, akakiachia, akasubiri. Mkuu alikuwa amesimama mdomo wazi, simu inaongea peke yake mkononi mwake. Fundi alianza kumwona mdogo wake ananing'inia kwenye mikanda, kichwa kimelala kifuani, akafumba macho na picha ile haikuondoka.

"Dada," redio ikasema, wazi kabisa, kama yuko mlangoni. "Mbona unapiga kelele? Umenishtua, nimeangusha spana."

Fundi alikaa sakafuni palepale.

"Umefungua?"

"Nimefika tisini na kitu. Boliti tatu nilishazilegeza ili nisipoteze muda, ya nne ndiyo nilikuwa nimeitia spana. Kuna nini?"

"Bomba ulilolishika ni la pili. Lilikuwa linawaka."

Sauti ya Mjusi haikuwa na mzaha tena. "Lina mstari mmoja, Dada. Nauona kwa macho yangu."

"Najua. Mstari huo ni wa uongo, na nimeutilia sahihi mimi. Kaza boliti zako, ushuke."

Simu zilikuwa zinalia kila pembe, ya mezani, za Mkuu, ya fundi mwenyewe. Aliitazama yake. Alikuwa baba. Kwa miaka yote tangu astaafu, picha ikipotea mzee hupiga, na kwa kawaida fundi hampokei mpaka mambo yatulie. Safari hii akapokea.

Baba hakuuliza penalti. "Nani yuko juu?"

"Mjusi."

"Yuko hai?"

"Yuko hai, baba. Anashuka. Hajaguswa." Kisha likamtoka, kwa sababu asingelisema saa ile asingelisema kamwe. "Wapaka rangi walifunika mistari yako wakaichora upya, ya juu wakaikosea. Nilikagua chini tu. Nikawatilia sahihi."

"Na mimi sikuandika popote kwamba niliyapishanisha," mzee alisema. "Nenda kampokee mwenzio."

Mkuu alikuwa amerudi kwenye akili yake, na akili yake ilikuwa kwenye simu. "Tuwashe basi," alisema. "Si ameshajua? Asiliguse tu. Akae mbali nalo, turudishe matangazo, mpira bado unaendelea."

"Bomba lile lina boliti tatu zimelegea. Na hata zingekuwa zimekazwa, hakuna kuwasha mpaka miguu yake iguse chini."

"Hiyo ni dakika arobaini!"

Fundi aliinuka, akaenda kwenye paneli, akachomoa ufunguo wa bomba la pili, akautia mfukoni mwake.

Mkuu aliutazama ule mfuko. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, akiwa amegeuka upande: "Niwaambie nini? Naweza kusema ni hitilafu. Mtambo umezimika wenyewe. Nani atajua?"

Lilikuwa jambo la wema, na kidogo limvute. "Waambie nimezima mimi," fundi alisema. "Na waambie kwa nini, pamoja na ile fomu. Ukiwaambia hitilafu, mistari itabaki pale juu."

Akatoka nje. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka, makubwa, ya mbalimbali. Alisimama chini ya ngazi, akauweka mkono kwenye chuma, na baada ya muda akaanza kuusikia ukitikisika kidogo kidogo kwa nyayo za mtu anayeshuka. Hakuuondoa. Mvua ikakolea, nguo zikamganda mwilini, na buti zikatokea juu ya kichwa chake, kisha mikanda, kisha ndevu.

Mjusi alikanyaga ardhi, akajifungua kamba, akajaribu kutabasamu. "Nani kafunga?" aliuliza. Midomo yake ilikuwa imekauka.

Fundi alimshika mkono wa kulia, akamvua glavu, kisha wa kushoto, akaiinua yote miwili mbele ya macho yake kwenye mvua na kuanza kuhesabu vidole kwa sauti, akikigusa kimoja kimoja.

"Dada, ni vilevile," Mjusi alisema.

Akafika kumi. Akaanza tena kwenye moja, polepole zaidi, na mdogo wake akamwachia mikono.